Tusivuke Bahari kwa Kubahatisha

Ukimwona mwenzako amekosa testi mbili katika muhula mmoja, na zote zimeangukia siku zake, usikimbilie kusema mvivu. Na ukimsikia mtu mzima akimwambia "vumilia mwanangu, ndo uanamke huo", usiitikie haraka. Maumivu kidogo ya hedhi ni kawaida. Lakini maumivu ya kumtapisha mtu, kumzimisha, kumfanya ashindwe kukaa kwenye kiti cha mtihani, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, hayo si kawaida. Mara nyingi yana jina: endometriosisi.

Ni hivi. Tishu inayofanana na ile iliyotanda ndani ya mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na mara chache hata kwenye mapafu. Homoni za kila mwezi huichokoza, ikavimba na kuleta uvimbe wa ndani, na baada ya muda ikaacha makovu yanayogandanisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiasi cha asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanayo, watu wapatao milioni 190. Pemba tuko zaidi ya laki tano. Hata ukikata makadirio hayo nusu, unabaki na maelfu ya dada zetu, kutoka Mkoani mpaka Micheweni.

Sasa wako wapi? Wengi wamepewa majina mengine. Huyu ana chango. Yule ana UTI isiyopona, amekunywa antibayotiki mpaka amechoka. Mwengine ana vidonda vya tumbo, mwengine shetani. Na hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuchanganyikiwa: kichocho cha mkojo, ambacho kimekaa Pemba miaka mingi, nacho kinaweza kudhuru viungo vya uzazi na kuleta maumivu chini ya kitovu. Daktari wa Pemba akifikiria kichocho kwanza, hajakosea. Tatizo ni pale kipimo kinaporudi safi na maumivu yapo palepale, halafu mgonjwa anaambiwa "huna kitu, nenda nyumbani".

Hapo ndipo safari zinapoanza. Familia inajichanga, mtu anapanda boti bandarini Mkoani kwenda Unguja, akishindwa anaunganisha mpaka Dar es Salaam. Swali analobeba ni moja tu: "Wapi pana daktari bingwa wa wanawake?" Mimi nasema swali hilo halijakamilika, na kutokamilika kwake ndiko kunakowamaliza watu nauli na miaka.

Nahodha wa jahazi ni nahodha, na nahodha wa meli ya mafuta ni nahodha. Kila mmoja ana bahari yake. Daktari bingwa wa wanawake anaweza kuwa hodari wa kuzalisha na wa upasuaji wa uzazi, akaokoa mama na mtoto kila siku, lakini endometriosisi iliyoshika utumbo akawa anakutana nayo mara moja moja. Hiyo si aibu yake. Aibu ni sisi kutouliza.

Basi tuulize. La kwanza: daktari, upasuaji wa ugonjwa huu unaufanya mara ngapi kwa mwaka, na unaufanya kwa matundu madogo au kwa kupasua tumbo? La pili: unaiondoa tishu yenyewe kutoka kwenye mzizi, au unaichoma juu juu? Kama imefika kwenye utumbo au kibofu, atakuwepo daktari wa upasuaji wa viungo hivyo? La tatu: kabla ya kisu, tutajaribu dawa gani na kwa muda gani? La nne, ambalo kwa mtu wa Pemba ni kubwa kuliko yote: nikirudi kisiwani, nani atanifuatilia, na utamwandikia nini? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, umeshapata jibu.

Swali la tatu lina habari njema ambayo wengi hawaijui. Zamani ilisemwa kuwa ugonjwa huu hauthibitiki mpaka mtu apasuliwe na kuchunguliwa kwa kamera. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 umelegeza hapo: dalili zikiafikiana, matibabu ya dawa yanaweza kuanza bila kungoja upasuaji. Altrasaundi na MRI zinasaidia, ingawa picha safi haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Kwa sisi, maana yake ni kwamba hatua ya mwanzo inaweza kuchukuliwa hapahapa, Chake Chake, Wete, au Abdulla Mzee kule Mkoani. Mnazi Mmoja na Muhimbili ziwe za wale ambao dawa zimeshindwa, au wenye dalili nzito tangu mwanzo.

Lakini dawa zenyewe ni zipi? Kwanza za maumivu. Pili za homoni, na nyingi kati yake ni zilezile tunazoziita vidonge vya majira. Hapa ndipo mambo yanapokwama. Msichana ambaye hajaolewa akikutwa na vidonge vile mkobani, nani atamsikiliza akisema ni dawa ya tumbo? Vilevile kuna woga wa kipimo cha ndani. Wapo wanaokimbia hospitali moja kwa moja kwa kuhofia kuguswa. Haya hatuna budi kuyasema wazi: msichana ana haki ya kukataa kipimo cha ndani, ana haki ya kuomba altrasaundi ya juu ya tumbo, kuomba daktari mwanamke, na kuingia na mama yake au shangazi yake. Daktari akieleza mapema kwamba heshima yake italindwa, atarudi. Asipoeleza, atakwenda kwa mganga.

Na ile ya "olewa, ukizaa utapona"? Mimba inaweza kutuliza dalili kwa muda, lakini si tiba, na kwa wengine ugonjwa huu ndio unaochelewesha hiyo mimba. Kumwozesha mtu ili apone ni kumtwika mzigo wa pili kabla hajatua wa kwanza.

Tusidhani ni ugonjwa wa wanyonge tu. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, amesema hadharani kwamba amepasuliwa zaidi ya mara kumi. Jahmby Koikai, mtangazaji wa rege wa Kenya, ugonjwa ulimfika mpaka mapafuni. Watu walimchangia akatibiwa Atlanta, Marekani, na alifariki Juni 2024. Hawa walikuwa na jina na sauti, na bado njia iliwawia ndefu. Je, yule wa Kojani au Makangale asiye na hata nauli ya kufika Mkoani?

Nasikia wanaosema: kisiwa chetu bado kina mahitaji makubwa zaidi, wajawazito kwanza, watoto kwanza. Kweli. Wala siombi lijengwe jengo. Naomba mambo madogo. Wahudumu wetu wafundishwe kuuliza maswali matano ya hedhi kabla ya kuandika UTI kwa mara ya tatu. Iwepo siku moja ya kliniki kila mwezi ya maumivu ya nyonga, ijulikane, na daktari wa Unguja mwenye uzoefu awe anapigiwa simu siku hiyo. Kambi za madaktari bingwa zinazokuja siku chache na kuondoka ni neema, lakini ugonjwa wa miaka hautibiwi kwa siku tano. Waache faili na jina la wa kumrudia.

Na sisi wanafunzi tuna letu. Serikali yetu ya wanafunzi idai kwamba maumivu haya yakiandikwa na daktari yatambuliwe kuwa sababu halali ya kuahirisha mtihani, ili mtu asile sapu au kudisko kwa sababu ya mwili wake. Wanaume msigeuke pembeni. Nyinyi ndio wawakilishi wa darasa, ndio wanaume wa kesho mtakaoulizwa kutoa nauli, na wengine mtakuwa madaktari wenyewe.

Kwa dada anayesoma huku ameshika tumbo: anza leo kuandika. Tarehe, maumivu ya kiwango gani, umekosa nini, umekunywa dawa gani. Andika miezi mitatu, kisha ingia nayo kwa daktari. "Tumbo linauma" ni rahisi kupuuzwa. Karatasi yenye tarehe tisa, kila moja na kipindi ulichokosa, itamlazimu aulize zaidi.