STIMA YA JUA NA KAZI ZETU



Kwa miezi mingi sasa, katika mikutano yetu ya Kitengela na ya Kajiado, limeulizwa swali moja nasi tumelijibu nusu nusu tu. Swali ni hili: matajiri wanaoweka sola juu ya paa za viwanda vyao, je, hilo ni jambo la kushangilia au ni jambo la kuogopa? Mmoja asema ni maendeleo. Mwingine asema ndugu yake amepoteza kazi kwa ajili ya sola hiyo hiyo. Wote wawili wasema kweli, na ndiyo sababu leo twataka kulieleza neno hili kwa urefu. Sisi tunaoandika ni watu wa reli, na wengi mnaosoma ni wa viwanda na wa mashamba ya maua ya Isinya, walakini jambo lenyewe ni letu sote.

Asiyejua na apande gari la moshi kupita Athi River asubuhi, aangalie upande wa viwanda. Zamani ulikuwa ukiona mabati na mabomba ya moshi. Siku hizi juu ya mabati mengi zimelazwa paneli, safu kwa safu. Hakuna sheria iliyowalazimisha wenye viwanda hao. Wamefanya kwa hiari yao. Wala hawakuwa wa kwanza. Umoja wa Mataifa ulifungua ofisi zake mpya kule Gigiri mwaka 2011 zikiwa na sola juu ya paa. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mtambo wa kilowati 600 mwaka 2014, na mwaka uliofuata duka kubwa la Garden City, kando ya barabara ya Thika, likaweka paneli juu ya mahali pa kuegesha magari. Katika mwaka ule ule wa 2014 makampuni makubwa ya ng'ambo yalianza kuingia katika mapatano yaitwayo RE100, ambayo ndani yake kampuni huahidi kwamba stima yake yote itatoka kwa jua, upepo, maji na nguvu nyingine zisizokwisha. Hiyo pia ni hiari. Hakuna askari wa kumkamata asiyetimiza ahadi.

Twasema wazi kwamba tajiri hakulipenda jua kwa uzuri wake. Alipiga hesabu. Akishalipia mitambo, stima ya mchana haina bili, na stima ya Kenya Power ina bili na kodi juu yake. Tena ile ya nguzo hukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na sehemu nyingi zilikaa hivyo kwa saa nyingi sana. (Wengi hudhani mwenye paneli hawezi kupatwa na giza. Sivyo. Paneli zilizofungwa pamoja na stima ya nguzo, zisipokuwa na betri au mashine nyingine ya kuzisaidia, nazo huzima nguzo zikizima.) Si dhambi kupiga hesabu. Sisi pia hupiga hesabu tunapokwenda kuomba nyongeza ya mshahara. Lakini mtu aliyefanya jambo kwa faida yake asitake tumpigie makofi kana kwamba ametoa sadaka.

Tena asituambie kwamba yeye ndiye ameleta stima safi Kenya. Stima ya nguzo katika nchi yetu, karibu sehemu tisa katika kumi, yatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria ulianza kutoa stima mwaka 1981, na walioutoa ni wafanya kazi, wengi wao wangali hai. Nasi watu wa Kajiado tuna haki ya kusema katika neno hili. Mitambo miwili ya kwanza ya upepo ilisimamishwa juu ya vilima vya Ngong mwaka 1993, zawadi ya serikali ya Ubelgiji, na leo KenGen ina megawati 25 na nusu pale. Kisha kuna Kipeto, kule Esilanke: mitambo 60, megawati 100, inayofanya kazi ya biashara tangu mwaka 2021. Stima yake yapita kwa waya mpaka kituo kikubwa cha Isinya, hapo hapo mnapopita na magari yenu. Wenye mashamba hawakuiuza ardhi yao. Waliikodisha, na ng'ombe wangali wanalisha chini ya mitambo. Kipeto kuna hata vijana walioajiriwa kuangalia tumbusi angani, kwa kuwa ndege hao wamekuwa wachache, na tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa mpaka apite. Twalisifu jambo hili. Tungependa tu fundi aliye juu ya paa la kiwanda naye awe na mtu wa kumwangalia namna hiyo.

Basi kama stima ya nguzo ni safi kiasi hicho, uchafu wa kiwanda uko wapi? Uko katika jenereta ya dizeli iliyo nyuma ya ukuta, na katika boila inayochoma mafuta mazito. Ukiona kampuni imepaka rangi ya kijani kwenye lango na kuandika habari za jua, tembea nyuma ukaangalie bomba la boila. Kuna na kampuni zinazonunua cheti tu, chenye kusema kwamba mahali fulani imetengenezwa stima safi ya kiasi fulani, na kampuni huihesabu stima hiyo kuwa yake, bila waya hata mmoja kubadilishwa kiwandani. Huenda vyeti hivyo vyasaidia kulipia mitambo mipya mahali. Kwa mtu wa zamu ya usiku anayevuta moshi wa jenereta havijasaidia kitu.

Sasa twafika mahali penye uchungu. Ndugu mmoja wa Kitengela, jina lake hatulitaji wala la kiwanda chake, alilinda jenereta kwa miaka 11. Aliijua mashine ile kwa sauti. Ikikohoa usiku aliamka kabla haijazima. Tajiri wake aliweka sola na betri, na jenereta ikawa ya kuwashwa mara moja moja tu. Siku ya Ijumaa ndugu huyo aliitwa ofisini, akapewa mshahara wa siku alizofanya, akaambiwa asante. Yeye alifikiri ndivyo sheria ilivyo.

Sivyo sheria ilivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba kazi ya mtu ikiondolewa kwa sababu haihitajiwi tena, sharti chama chake na afisa wa kazi wapewe habari si chini ya mwezi mmoja kabla, wakielezwa sababu. Asiye mwanachama huandikiwa yeye mwenyewe. Tena hulipwa si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka mzima alioutumika. Miaka 11 mara siku 15 ni siku 165. Ndugu yetu alikwenda nyumbani na siku tisa.

Katika habari hii tuna kosa letu pia, na ni haki tuliseme. Paneli zile zilipandishwa kwa muda wa wiki tatu mbele ya macho yetu. Tulizitazama tukinywa chai ng'ambo ya barabara. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Mlinzi wa jenereta atakwenda wapi?" Habari ilitufikia baada ya mwezi, na kwa kuwa ndugu alikuwa ameacha kulipa ada, tulianza kubishana kama tumsaidie au la. Barua iliandikwa mwishowe. Mpaka leo haijajibiwa.

Watu wa reli hatukupaswa kulala namna hiyo, maana habari ya mashine mpya twaijua tangu kwa wazee wetu. Mwaka 1955 reli ya Afrika Mashariki ilianza kuleta zile injini kubwa za mvuke za Garratt, 34 kwa jumla, zilizopewa majina ya milima. Moja, Mount Gelai, ingali imesimama katika nyumba ya makumbusho ya reli Nairobi, mkawaonyeshe watoto. Miaka mitano tu baadaye zikaja injini kubwa za dizeli, na kufikia mwaka 1980 Garratt ya mwisho ilikuwa imeondolewa kazini. Dizeli haina boila ya kusafisha wala moto wa kuwashwa saa nyingi kabla ya safari. Basi wale fayamani, na waosha boila, na mafundi wa mabomba, wakaanza kuhesabiwa mmoja mmoja. Wazee hutuambia kwamba fayamani aliyepelekwa shule ya dizeli alikuja kuwa dereva, na ambaye hakupelekwa alipewa ufagio. Wote wawili walikuwa wakitia moto katika injini moja. Tofauti yao ilikuwa karatasi moja iliyotiwa sahihi, au isiyotiwa.

Kwa hiyo chama hakipingi sola. Tunalopinga ni hiari ya mtu mmoja. Tajiri abadili stima kwa hiari yake, vema, lakini akishaamua, mambo yanayotugusa yaandikwe katika mapatano ya chama na kampuni, kwani lililofanywa kwa hiari leo laweza kuachwa kesho kwa hiari ile ile. Kwanza kabisa, mtu wa jenereta na mtu wa boila wafundishwe kazi mpya kabla paneli hazijapanda, si baada. Mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, za daraja T1, T2 na T3, na asiye na leseni haruhusiwi kufunga mitambo. Kwa nini kampuni ilete fundi kutoka mbali, naye mlinzi wa jenereta aliyezoea waya na betri amesimama langoni akitafuta kibarua? Ada ya shule ya T1 ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya mtambo mzima.

Na juu ya usalama tusikubali neno la haraka. Paneli ikipigwa na jua haizimiki. Hata ukizima swichi kuu kule chini, waya zinazotoka kwenye paneli zina nguvu ya kuua maadamu mchana ungalipo. Fundi aliyezoea stima ya nguzo hudhani amezima, kumbe hajazima. Tena vumbi la Kitengela mwalijua, la simiti na la machimbo. Paneli zikishika vumbi hutoa stima kidogo, basi mama wa usafi huambiwa apande na ndoo. Hana mshipi, hana viatu vya kufaa, na mabati mengine ni ya zamani yenye kutoboka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Ulizeni kamati yenu iko wapi, na kama iliwahi kupanda juu ya paa hilo.

Kuna neno jingine ambalo si rahisi, na wanachama wawili nusura wagombane kwa ajili yake. Wateja wakubwa wakijitengenezea stima ya mchana, Kenya Power hupoteza fedha zao. Nguzo na waya na deni la mitambo hazipungui. Nani atalipa? Yuko mpangaji wa chumba kimoja Kitengela anayenunua tokeni ya shilingi mia. Yeye hana paa. Paa ni la mwenye nyumba. Mmoja wetu asema kwa sababu hii viwanda vizuiwe. Hatukubaliani naye, maana kiwanda kikifungwa kwa ajili ya bili, mpangaji huyo atakosa hata hiyo mia. Lakini twasema kiwanda kinachotumia waya za umma usiku, jua likishatua, na kilipe sehemu yake ya haki ya kuzitunza waya hizo, wala kisiutupe mzigo wote kwa wenye tokeni.

Mwishowe tujitazame wenyewe. Reli mpya ya kutoka Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, huvutwa kwa dizeli mpaka leo, na ile ya zamani ya kwenda Magadi kupitia Kajiado vilevile. Jirani zetu Tanzania wanaendesha gari la moshi la stima kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024, kwanza mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Twaandika habari hii kwa wivu kidogo. Siku stima itakapofika kwenye reli yetu, atakayeguswa kwanza ni fundi wa dizeli, yaani sisi, na mapatano yetu hayana hata mstari mmoja juu ya jambo hilo.

Na ofisi yetu ya tawi? Katika mkutano uliopita ilisemwa kwamba chama nacho kiweke paneli nne, za taa na za mashine ya kuchapishia karatasi hii. Mtunza fedha alipinga akisema ofisi ni ya kupanga, na mwenye nyumba akitufukuza tutazing'oa paneli au tutamwachia? Swali lake ni la haki nalo halijajibiwa. Litarudi katika mkutano wa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ofisini Kitengela. Mwanachama aliye na nakala ya mapatano ya kampuni yake aje nayo, hata ikiwa ya zamani, na anayemjua mtu wa jenereta au wa boila amlete, awe amelipa ada au hajalipa.