Tanki likipasuka, muuzaji aje kuangalia

Goma. Tanki la maji linapasuka, mwenyewe anakimbia dukani na fakture mkononi, na muuzaji, bila hata kufika nyumbani kuona, anatoa jibu lile lile: «Mliliweka vibaya, garanti imekufa.» Mazungumzo yanaishia hapo. Katika mji ambamo watu wananunua maji kwa bidoni, na kiwanja kimoja kinapokea familia tatu zilizokimbia vita, jibu hilo ni dharau.

Ni kweli, wengi wanaweka tanki vibaya. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na Nyiragongo ilileta mengine mwaka 2002 na 2021. Lita 1 ya maji ina kilo 1. Tanki la lita 5.000 likijaa ni tani 5. Likilala juu ya jiwe lenye ncha, ao juu ya mbao zenye nafasi katikati, uzito unasukuma pahali pamoja na kitako kinapasuka. Wengine wanafunga tuyo ya chuma bila kuitegemeza; tuyo inavuta, na ufa unaanzia kwenye robine. Kisha wanapaka gundi, wakati plastiki ile haishiki gundi. Inaunganishwa kwa moto, na plastiki ya aina ile ile.

Lakini nani alimwambia mnunuzi hayo siku ya kutoa pesa? Siku ile muuzaji alisifu bei na kuhesabu miaka ya garanti. Masharti yalitoka kabatini siku ya ufa, tena kwa lugha ambayo mama mnunuzi hasomi. Mwenye kuuza matanki Goma anayajua mawe ya Goma. Akinyamaza, anauza ugomvi pamoja na tanki.

Na kuna matanki yanayotoka kiwandani na kosa: ubavu mmoja mnene, mwingine mwembamba. Huko Berlin, Ujerumani, tarehe 16 Desemba 2022, akwariamu kubwa ya akriliki ndani ya hoteli ilipasuka na kumwaga lita milioni 1 hivi za maji. Mabingwa walichunguza vipande kwa miezi, wakashindwa kutaja sababu moja ya hakika. Kijana wa dukani Goma anaijua kwa dakika mbili, akiwa kwenye kiti chake!

Sheria ya Congo juu ya mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, inamtaka muuzaji ajibu juu ya kasoro iliyofichika, hata kama hakuijua. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa pesa yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ila asikawie, maana sheria inampa muda mfupi. Apige picha ya tanki pale pale lilipo kabla ya kulisogeza, na atunze fakture.

Muuzaji naye aje na fundi, wapime unene wa plastiki kwenye ufa, mbele ya chifu wa avenyu. Kama hataki kuja, arudishe pesa.