TAHARIRI: Ukinunua ploti, usiing'oe senetwet

Kutoka Cheptiret ukishika njia ya Kesses kuelekea Chuo Kikuu cha Moi, mashamba yanazidi kukatwa ploti. Mnunuzi akipata hamsini kwa mia yake, kazi ya kwanza ni kufyeka. Ya pili ni kupandisha ukuta wa mawe.

Katika kinachofyekwa mna senetwet. Unaijua: mti mfupi wa kando ya ua, maua ya manjano yaliyosimama wima kama mishumaa, na matumba meusi kileleni. Sugua jani lake, linanuka bisi. Wanasayansi huuita Senna didymobotrya, na ni mzaliwa wa Afrika. Marekani watu huupanda bustanini kwa urembo, tena wameupa jina la hizo hizo bisi. Sisi tunauita kichaka.

Na hapo ndipo tunapojichanganya. Bingwa wa mbio akitua Eldoret, tunajaa uwanja wa ndege, simu juu, tumnase akinywa mursik. Lakini mursik si maziwa yaliyoganda tu, buda. Kabla ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa kumiminwa, mama huchoma kijiti cha senetwet, kisha husugua ndani ya sotet kwa ile ncha yenye kaa la moto. Vumbi la mkaa hulisambaza kwa brashi ya sosiot. Ile rangi ya kijivu na ile harufu hutoka hapo. Ipo miti mingine inayotumika, ila muulize nyanya yako anachagua upi kwanza.

Kukata kijiti hakuui mti. Tingatinga huung'oa na mizizi. Tukiendelea hivi, kijiti kitakuwa cha kununuliwa sokoni, na wengi watafanya mursik bila mkaa na kujiambia ni ile ile.

Hatusemi usijenge. Acha mmoja kwenye pembe ya ploti. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu nayo, inapogawa miche, isiishie kwa mikaratusi na parachichi.

Tahadhari moja: usidanganywe na wauza dawa wa mitaani. Senetwet ni sumu ukiinywa ovyo, na tumbo litakuendesha vibaya.

Kama kwenu imeshakwisha, tafuta maganda yake bapa ya kahawia kwa jirani. Mwagia mbegu maji ya moto, ziache zilale humo usiku mmoja, uzipande mvua ya masika ikianza.