Ndoa Ikivunjika, Mbwa Anabaki na Nani?

Na Akinyi Odera

Kati ya Ndhiwa na Rongo, siku mke anaporudi kwao, mtazame mbwa. Mizigo ikishafungwa kwenye boda boda na watoto kupakiwa, yeye humfuata mama mpaka barabarani. Pikipiki ikiondoka huikimbiza kidogo, halafu husimama katikati ya vumbi. Kwenye kikao cha wazee cha jana hakuna aliyemtaja.

Ng'ombe walitajwa. Kwetu Wajaluo, na kwa Wakuria pia, ng'ombe ndio walioleta ndoa, kwa hiyo ikivunjika wazee huketi na kuhesabu: waliotolewa, waliozaa, waliokufa, wanaodaiwa. Hesabu hiyo inaweza kula siku nzima. Mbwa aliyewalinda ng'ombe hao hao usiku hana bei mnadani, ndiyo maana hana mtu wa kumgombania. Paka anayezuia panya wasimalize mahindi ghalani naye hasemwi.

Sheria ya Kenya ya Mali ya Wanandoa ya 2013 haina kifungu cha mbwa. Akifikishwa mahakamani, ni kitu kama kiti au sufuria. Hata hivyo sheria hiyo inapoeleza mchango wa mwenzi, haiishii kwenye pesa. Inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenzi hapewi nusu ya mali kwa sababu tu alikuwa kwenye ndoa. Sharti aonyeshe alichochangia. Basi na kwa mnyama tuulize hivyo hivyo. Nani alimwekea ugali kila jioni? Nani alimpeleka kwenye chanjo? Mara nyingi jibu ni mama, au mtoto wa miaka kumi.

Najua watakalosema wazee: mbwa ni wa boma, hahami. Hoja hiyo ina uzito. Mwanamke anayerudi kwao huingia kwenye boma la kaka zake, mahali ambapo yeye mwenyewe huenda hajapewa hata chumba, na mbwa wa pale hawampokei mgeni. Wakati mwingine mnyama ni heri abaki. Ila abaki na mtu. Akiachwa na mume ambaye wiki nzima yuko Sori au Mbita kwenye samaki, atalala njaa, na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama inasema kumnyima mnyama chakula na maji ni kosa. Ataanza kuzurura sokoni, na chanjo ya mwaka unaofuata haitakuwa na wa kuikumbuka. Kichaa cha mbwa huwafikia watu wetu hasa kupitia meno ya mbwa, na dalili zikishaonekana mgonjwa karibu kila mara hufa. Wanaoumwa sana ni watoto.

Uhispania, tangu Januari 2022, jaji hutazama maslahi ya mnyama wanandoa wanapoachana, na anaweza kuamuru washirikiane kumtunza. Sisi hatuna haja ya kungoja Bunge. Ndoa nyingi za Migori na Homa Bay hufia mbele ya wazee, na Ibara ya 159 ya Katiba inazitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke haki. Kwa hiyo mamlaka ya kuuliza wanayo tayari.

Msimamo wangu ni huu: anayemlisha ndiye mwenyewe, na watoto wakiwa na pa kumweka waende naye. Asipoweza kuhama, anayebaki naye aseme mbele ya kikao kwamba amemchukua, chakula na chanjo juu yake. Wazee wetu, kikao kijacho, mkishamaliza ng'ombe, msiinuke kabla hamjamuulizia mbwa.