Wazee wa Morogoro nao walenge shabaha

Mhariri,

Michezo ya wazee inapotajwa mjini kwetu, tunaambiwa tutembee au tukacheze bao. Bao ni zuri, ila magoti yangu hayanifikishi tena hata Bigwa, na moyo bado unataka kushindana. Naomba tufunguliwe mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo.

Kwenye Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu, mchezo huu upo tangu Toronto, 1976. Mlengaji anaweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, viwiko juu ya meza, shabaha ikiwa mita 10 mbele yake. Alama ya kumi ni kidoa cha nusu milimita tu! Asiye na nguvu mikononi huruhusiwa kuegemeza bunduki kwenye stendi yenye springi. Kinachoamua ni pumzi, jicho na kidole kinachobana taratibu. Umri si hoja: Oscar Swahn wa Sweden alipata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1920 akiwa na miaka 72.

Na Morogoro ndiko kwenyewe. Shirika la Mzinga linatengeneza risasi hapa hapa, na mitaani wapo wazee waliopigana Vita vya Kagera, leo wanashinda barazani. Maofisa michezo wa manispaa, jeshi na polisi wakae pamoja watupatie ukumbi mmoja usio na ngazi, bunduki chache zinazotunzwa kituoni, na mwalimu mstaafu wa jeshi. Mimi nitajiandikisha siku ya kwanza.

Mstaafu,
Kichangani, Morogoro