Omena ina likizo ya miezi minne, bomba la nyuklia je?

Kila Aprili, mama anayeniuzia omena pale Daraja Mbili mjini Kisii hubadilika. Gorogoro anaijaza vizuri, lakini kile kiganja cha juu, kile cha kukufanya urudi kesho, kinapotea. Ukinung'unika hakuangalii hata usoni. "Mwanangu, ziwa limefungwa."

Ziwa lenyewe halifungwi. Mbuta na ngege wanaendelea kuvuliwa. Kinachofungwa ni uvuvi wa omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ili samaki wazaane na wadogo wapate muda wa kukua. Na hata ziwa likifunguliwa, tundu la wavu wa omena halifai kuwa chini ya milimita 10. Ukipatikana na wavu mdogo kuliko huo, wavu unachomwa ufuoni na wewe unaenda kuelezea hakimu.

Mimi sina shida na sheria hiyo. Inatuumiza mfukoni miezi minne, inaumiza zaidi wavuvi wa Mbita na Kendu Bay, lakini inaeleweka. Ukimla mtoto leo, mwaka ujao utakula nini?

Sasa wasee, tubonge kuhusu kitu kingine kinachokula watoto wa samaki na hakina tarehe ya kufungwa.

Serikali inataka kujenga mtambo wa nyuklia. Mpango wa kwanza ulikuwa Uyombo, kaunti ya Kilifi. Wakazi walikataa, 2024 wakaandamana, na mwaka uliofuata macho ya serikali yakageukia Siaya, ufuo wa Ziwa Victoria, pande za Bondo na Rarieda. Ratiba iliyotangazwa inasema ujenzi uanze 2027 na stima ianze kutoka 2034. Mtandaoni kila mtu amekuwa mtaalamu wa mionzi. Mmoja anaposti Chernobyl, mwingine anajibu Fukushima, wa tatu anauliza kama watu wa Siaya watazaa watoto wa kung'aa usiku. Maswali ya usalama ni halali, hata yale ya kijinga. Lakini mionzi ni ajali inayoweza kutokea au isitokee. Bomba la maji ya kupoza mtambo hufanya kazi yake kila siku mtambo ukiwa mzima kabisa, bila ajali yoyote, na hilo silisikii likitajwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi mhandisi. Ila hii hesabu haihitaji digrii. Mtambo wa nyuklia unachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, stima inatoka. Katika joto lote linalozalishwa, karibu theluthi moja tu ndiyo inakuwa umeme. Theluthi mbili zinazobaki lazima ziondolewe, na njia ya bei rahisi ni kuvuta maji baridi ziwani, kuyapitisha ndani yabebe joto, kisha kuyarudisha ziwani yakiwa moto. Mtambo wa megawati 1,000, ukubwa uliotajwa wakati wa mpango wa Kilifi, ukipozwa kwa njia hiyo unaweza kuvuta kati ya mita za ujazo 40 na 60 za maji kila sekunde. Chukua 50. Hiyo ni mitungi 2,500 ya lita 20. Kwa sekunde moja, manze. Wewe unayepanga foleni ya maji Nyanchwa na mtungi mmoja wa manjano, fikiria hapo.

Maji hayo si maji matupu. Yana mayai ya samaki na vifaranga wadogo kuliko punje ya mchele. Samaki mkubwa kiasi akivutwa anafika kwenye wavu wa chuma ulio mdomoni mwa bomba, maji yanamkandamiza pale hadi anachoka na kufa. Yai na kifaranga hawazuiliwi na wavu huo. Wanapita, wanaingia kwenye pampu, wanapigwa, wanachemshwa, wanatoka upande wa pili wakiwa uji. Na wapi hasa ziwani utapata watoto wa samaki kwa wingi? Kando, kwenye maji ya kina kifupi. Ngege hutaga huko. Omena wachanga hukulia huko. Na ni hukohuko mhandisi angependa kuweka bomba, kwa sababu bomba fupi ni bei nafuu.

Nilimweleza yule mama haya yote, kwa lugha rahisi kuliko hii. Alinisikiliza huku akifukuza nzi, kisha akaniuliza swali moja: "Na hilo bomba, Aprili hulifunga?"

Halifungwi. Mtambo wa nyuklia hujengwa ili uwake mfululizo, husimama tu kwa matengenezo na kubadilisha mafuta yake. Kwa hivyo mvuvi wa Mbita atakaa nyumbani miezi minne ili kifaranga kiishi, na ng'ambo ya maji pampu itakuwa inavuta kifaranga hichohicho usiku na mchana, kihalali, ikiwa na leseni. Wavu wa mvuvi unapimwa kwa rula. Je, wavu wa bomba nao utapimwa?

Wenzetu wamepitia vita hivi zamani. Marekani iliandika kwenye sheria yake ya maji safi ya 1972 kwamba mdomo wa bomba la kupoza mitambo lazima utumie teknolojia bora zaidi iliyopo ya kupunguza madhara kwa viumbe wa majini. Ikachukua miongo kupata kanuni zenye meno. Mitambo mipya ilipata zake 2001, na msingi wake ni kwamba uvute maji kidogo, kiwango cha mtambo unaozungusha maji yaleyale ndani badala ya kuvuta mengine kila mara. Mitambo ya zamani ilipata zake 2014, kwa yeyote anayevuta zaidi ya galoni milioni 2 kwa siku, karibu lita milioni 7.5, na kutumia angalau robo yake kupoza. Mojawapo ya njia zinazokubalika ni kuhakikisha maji hayapiti kwenye wavu kwa kasi inayozidi sentimita 15 hivi kwa sekunde, ili samaki aweze kugeuka na kuogelea aende zake. Kitu kidogo hivyo. Ukiona maji yanaenda polepole kuliko mtoto anayetambaa, samaki ana nafasi.

Kampuni zilipigana na kanuni hizo kortini hadi Mahakama ya Juu kule, na 2009 mahakama ikasema serikali inaruhusiwa kupima gharama dhidi ya faida kabla ya kudai teknolojia fulani. Hapo ndipo mtego ulipo, na utakuja huku pia. Gharama ya mnara wa kupozea inajulikana hadi senti ya mwisho. Yai la omena lina bei gani? Litaandikwa sifuri, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliuza. Lakini kule New York, mtambo wa nyuklia wa Indian Point kwenye Mto Hudson ulinyimwa cheti cha maji na jimbo mwaka 2010, sababu mojawapo ikiwa samaki waliokuwa wakiuawa na mabomba yake. Mtambo ulizimwa kabisa Aprili 2021. Sisemi ulizimwa kwa sababu ya samaki peke yao, kulikuwa na siasa na pesa. Nasema samaki walikuwa kwenye faili.

Kwetu je? Tunayo sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, na kanuni za ubora wa maji za 2006 zinazosimamiwa na NEMA. Kanuni hizo zinasema maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira yasipishane na joto la kawaida la pale kwa zaidi ya nyuzi 3. Hiyo ni nzuri, kwa sababu maji moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki wetu wa vizimbani tayari wanajua maana ya kukosa oksijeni. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inataka kiasi fulani cha maji kiachwe kwa ajili ya watu na viumbe wa majini, na huwezi kuvuta maji kibiashara bila kibali. Sote tunaoishi karibu na Mto Sondu tunajua mjadala huo. Mradi wa Sondu Miriu, megawati 60, unachukua maji ya mto unaopita mpakani mwa Nyamira na kuyapitisha kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, na swali la mto ubakiwe na maji kiasi gani halijawahi kuisha.

Ukiangalia vizuri, sheria zetu zinapima kinachotoka na zinapima kiasi kinachochukuliwa. Kanuni hizo za 2006 nimezipitia kwenye simu, bando langu likalia, na sikupata mstari wowote unaosema maji yaingie bombani kwa kasi gani, tundu za wavu ziwe na upana gani, au nani atahesabu mayai yaliyopita. Mvuvi ana milimita 10. Bomba halina namba.

Namba hizo zinafaa kuandikwa sasa, kabla leseni haijatolewa na kabla saruji haijamwagwa. Mtambo ukishajengwa na bomba la kuvuta maji yote mara moja, hakuna atakayeubomoa kwa ajili ya omena. Tutaambiwa kubadilisha ni ghali, na watakuwa wanasema ukweli.

Ninachotaka ni minara ya kupozea, iandikwe kama sharti la leseni. Minara inapunguza maji yanayovutwa kwa zaidi ya asilimia 90, kwa sababu maji yaleyale yanapozwa hewani na kurudi kazini. Si teknolojia ya mbali. Mitambo ya mvuke ya Olkaria kule Naivasha inaitumia, Wakenya ndio wanaiendesha. Ina ubaya wake. Minara hupoteza maji hewani kwa mvuke, inakula sehemu ya stima, na inaongeza bei ya mradi. Sawa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na ghuba yetu ya Winam ni ya kina kifupi zaidi ya hapo. Kumbuka pia gugumaji. Miaka ya tisini lilisumbua hata midomo ya maji ya bwawa la Owen Falls kule Jinja. Anayepanga kuvuta mitungi 2,500 kwa sekunde kutoka ziwa hilo anafaa kuwaza mara mbili hata kama hajali samaki.

Najua kuna mtu anaandaa maoni hapo chini: "Blogger wa Kisii, nyinyi hamna hata ufuo, nyuklia ya Siaya inawahusu nini?" Na mwingine: "Samaki wanaisha kwa sababu ya uvuvi haramu, si bomba ambalo halijajengwa."

Wa pili ana hoja. Uvuvi mbaya umeua samaki wengi kuliko bomba lolote, na mfano tunao kwenye mito yetu. Wazee wa huku watakwambia kuhusu ningu, samaki aliyekuwa akipanda kutoka ziwani mvua ikinyesha kwenda kutaga mitoni, Mto Kuja ukiwemo, ule tunaouita Gucha unaoanzia milima yetu. Watu waliweka nyavu midomoni mwa mito na kumkamata akiwa njiani, kabla hajataga. Leo ningu yuko kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Hakuna nyuklia iliyofanya hivyo. Lakini ona jinsi alivyomalizwa. Alizuiwa kwenye mlango mmoja mwembamba, msimu wa kuzaa, mwaka baada ya mwaka. Bomba ni mlango wa aina hiyohiyo, tofauti ni kwamba msimu wake hauishi.

Wa kwanza namwambia aje Daraja Mbili asubuhi, au apitie soko la Sondu, au Keroka, aangalie omena inaenda wapi. Huku mashamba ni vipande, ng'ombe ni mmoja kama yupo, nyama ni ya Krismasi. Obokima na chinsaga zikipata omena pembeni, mtoto amekula protini siku hiyo. Na kisheria, Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, Kifungu cha 70 kinamruhusu aende kortini bila hata kuonyesha kwamba amepata hasara. Hakitaji ufuo.

Sipingi stima, naomba nieleweke. Juzi nimeandika nusu ya makala hii gizani na simu ikiwa asilimia 11. Fundi wa kuchomelea vyuma hapa chini hupoteza siku nzima stima ikipotea. Nyuklia inaweza kuwa jibu zuri, sijui, wacha wanaojua wabishane. Ila Lamu ilitufundisha kitu. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipata leseni ya NEMA mwaka 2016, na Juni 26, 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokata rufaa hawakuwa mawaziri. Walikuwa wakazi, wavuvi wakiwa kati yao.

Ripoti ya athari za mazingira ya mtambo wa Siaya ikikamilika, NEMA italazimika kuitangaza gazetini na kupokea maoni kwa maandishi kutoka kwa yeyote, kwa siku zitakazotajwa kwenye tangazo. Yangu nimeanza kuyaandika, ni ukurasa mmoja. Nauliza mtambo utapozwa kwa njia gani, bomba litaanzia umbali gani kutoka ufuoni na kwa kina gani, maji yataingia kwa kasi gani, nani atahesabu vifaranga kabla na baada, na kati ya Aprili 1 na Julai 31 pampu zitafanya nini. Swali la mwisho nimeliandika kama lilivyotoka Daraja Mbili.