Usigawe Mbegu Hiyo Bado

Kama umekamua nyanya zako za asili msimu huu na mbegu zinakauka juu ya chandarua au gazeti, zuia mkono kwanza. Usimpe jirani, usizipeleke kwenye kikundi, wala usizitie kwenye bahasha ya kwenda kijijini mpaka ujue mmea uliozizaa ulikuwa na hali gani. Ugonjwa unaosafiri na mbegu hauonekani kwenye mbegu. Punje itakuwa nono, itaota vizuri tu, na balaa litajitokeza wiki kadhaa baadaye kwenye bustani ya mtu asiyekuwa na kosa lolote.

Benki za mbegu za nyumbani zinaongezeka, na mimi ni mmoja wa wanaozishangilia. Watu wamechoka kununua pakiti ya chotara kila msimu. Bibi anazo nyanya zake zenye mikunjo alizorithi kwa mama mkwe, mwingine anatunza zile ndogo zinazojiotea pembeni ya jalala. Zipo pia Moneymaker, iliyotoka Uingereza, na Marglobe, iliyotolewa Marekani mwaka 1925, ambazo zimekaa kwetu hadi tunaziita za asili, na sina ugomvi na hilo. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu za aina hizi hurudi zilezile mwaka hadi mwaka. Familia ikizitunza inafanya jambo la maana.

Hatari iko kwenye ndoo. Nyanya zikikamuliwa, ute na mbegu huachwa vichachuke siku moja hadi tatu. Kwenye joto la Pwani siku moja au mbili zinatosha, ukizidisha mbegu zitaanza kuota humohumo. Nyumbani kwako ndoo hiyo ina nyanya zako peke yake. Kwenye kikundi kila mmoja huja na mfuko wake, zote zikakamuliwa pamoja, zikasuguliwa kwa mikono ileile, kisha mbegu zikagawanywa kijiko kwa kijiko. Tunda moja tu lililotoka kwenye mmea mgonjwa likiingia humo, bakteria na virusi vyake vinaenea kwenye mchuzi wote na kunata juu ya punje zilizokuwa safi. Jioni kila mwanakikundi anaondoka na sehemu ya ugonjwa wa mwenzake, tena kwa shukrani.

Najua kuna watakaosema kuchachusha kunaua vijidudu. Kunapunguza baadhi, ndiyo, na sifa hiyo imefanya watu wakuamini kupita kiasi. Virusi vya jamii ya batobato hubaki kwenye ganda la mbegu hata baada ya kuchachushwa, na bakteria aliyekwisha kuingia ndani ya punje hafikiwi.

Bakteria ninayemwogopa zaidi anaitwa Clavibacter michiganensis. Wataalamu wa mbegu huhesabu kwamba punje moja yenye ugonjwa kati ya 10,000 inaweza kuanzisha mlipuko kitaluni, kwa sababu miche hubanana na kila ukimwagilia, maji hurusha bakteria kutoka mche mmoja hadi mwingine. Dalili zake ujifunze kuzitambua kabla ya kuvuna tunda lolote la mbegu. Kingo za majani hukauka na kuwa za kahawia, zikiachana na sehemu ya kijani kwa mstari wa njano. Mara nyingi upande mmoja wa jani au wa mmea hunyauka huku ule mwingine ukiwa mzima. Pasua shina kwa urefu: utakuta mchirizi wa njano au kahawia chini ya ganda. Kwenye tunda hutokea vidoa vidogo vyeupe vyenye kitovu cha kahawia kilichoinuka kidogo, mithili ya jicho la ndege. Ukiona vidoa hivyo kwenye tunda moja, mmea mzima usitoe mbegu, hata kama matunda mengine yanang'aa.

Usiuchanganye ugonjwa huu na mnyauko bakteria, ambapo mmea hulegea ghafla ukiwa bado kijani. Kwenye huo, ukikata kipande cha shina na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, uzi mweupe kama wa maziwa huteremka taratibu. Unakaa zaidi udongoni. Rasta nayo, ile inayokunja majani na kuyafanya ya njano, huletwa na inzi weupe. Kantangaze ni nondo, kiwavi wake hutoboa tunda. Hasafiri ndani ya mbegu, lakini anasafiri vizuri sana ndani ya nyanya unazobeba kwenda kwenye siku ya kukamua. Kwa hiyo kila mtu akamulie kwake, mbegu ndizo zisafiri.

Kuna pia kirusi kipya kinachozunguka dunia, ambacho kwa kifupi huandikwa ToBRFV. Kilionekana kwenye nyanya za Israeli mwaka 2014 na Jordan mwaka 2015, kikatambuliwa Ujerumani na Marekani mwaka 2018, Uingereza mwaka 2019. Hakimdhuru mlaji. Mmea ndio unaoumia: majani huwa na mabaka ya batobato na kusinyaa, matunda yanatoka na madoa ya njano au mabaka ya kahawia yenye ngozi inayokwaruza, sokoni hayauziki. Kirusi hiki kimeshinda kinga ya kijenetiki iliyozilinda nyanya dhidi ya jamaa zake kwa zaidi ya nusu karne, na nyanya nyingi za zamani hata kinga hiyo hazikuwahi kuwa nayo. Kinaambukiza kwa mikono, nguo, mkasi, kamba na nguzo, na hubaki juu ya vitu hivyo miezi mingi.

Hapo ndipo ninapowageukia ndugu zetu walioko ughaibuni. Mtu anapata mbegu za Black Krim au Cherokee Purple huko, anaziweka kwenye sanduku kati ya soksi, zawadi kwa shangazi aliyeko Moshi au Kitale. Nia ni njema. Lakini mbegu inayoingia nchini inatakiwa iwe na kibali na cheti cha afya ya mimea, na sababu ndiyo hii. Waulize wakaguzi wa afya ya mimea, Tanzania TPHPA, Kenya KEPHIS, kabla ya kununua tiketi. Kama zawadi ya namna hiyo imeshafika na haina karatasi yoyote, usiipande, na usiitupe bustanini.

Kwa mbegu zako mwenyewe zilizotoka kwenye mimea iliyoonekana mizima, bado ipo kinga moja ya ziada: maji ya moto. Zifunge mbegu kwenye kitambaa chepesi, ziloweke kwanza dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37, kisha dakika 25 kwenye maji ya nyuzi 50 kamili, halafu zipoze kwenye maji baridi na uzianike mara moja kivulini. Kwa kukisia kwa kidole usijaribu. Nyuzi chache zikizidi unaua mbegu, zikipungua unawabembeleza bakteria. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia nyuzi 42. Tafuta cha jikoni au cha maabara. Anza na punje chache, zioteshe, uone. Mbegu zilizokaa miaka mingi zinaweza zisistahimili. Na maji haya yanapigana na bakteria. Kwa virusi vya batobato usiyategemee.

Kuhusu chotara nitasema kwa ufupi. Mbegu za nyanya ya sokoni usizikamue na kuziandika "asili", maana huenda mzazi ni chotara (F1) na watoto watatoka kila mmoja na sura yake. Hapo hujaeneza ugonjwa, umeeneza uongo, na ukiingia kwenye kopo la benki hautoki.

Sasa wale ambao wameshagawa. Wapigie simu leo wote uliowapa, uwaambie mbegu zilitoka kwenye mmea gani na kama uliona dalili. Aliyekwisha sia akague kitalu kila asubuhi kabla ya kumwagilia, anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, na asivute sigara akishika miche, kwani tumbaku nayo hubeba virusi vya batobato. Mche wenye mashaka ung'olewe pamoja na majirani zake wa karibu, ufungwe kwenye mfuko na kuchomwa; kwenye mboji usiende, wala kwenye mtaro. Apige picha ya jani na tunda amwonyeshe afisa ugani kabla hajang'oa chote. Na kila bahasha iliyobaki iandikwe jina la aina, shamba, msimu, na aliyeukagua mmea mama. Isiyokuwa na maandishi hayo isitoke nyumbani.